Mkono Uliotulia Pale Tu Uliposhika Sindano

Mkono wa kulia wa baba yangu ulikuwa ukitetemeka ukiwa umelala juu ya goti, na ulikuwa ukitulia pale alipouinua kushika sindano. Lau ningejua mwaka 2018 uzito wa jambo hilo moja, tungeokoa miaka miwili, fedha nyingi na maneno machungu tuliyoambiana ndani ya nyumba. Baba ni fundi wa kushona wa Tanga mjini. Kwa zaidi ya miaka arobaini ameshona kanzu kwa cherehani, na kofia za mkono, zile zenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine, kazi ambayo kofia moja huchukua wiki kadhaa na haimvumilii mtu mwenye mkono usio thabiti. Kwa kuwa aliendelea kushona, sote tulijiridhisha kwamba mkono wake ni mzima. Kumbe alikuwa na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kasi ya mwili, kuukakamaza na mara nyingi kuutetemesha.

Mimi ni binti yake wa kwanza, na ndiye niliyefuatana naye hospitalini tangu mwanzo. Sina taaluma ya udaktari. Ninayoyasema hapa kuhusu dawa ni yale tuliyoelezwa na madaktari na yale tuliyoyaona kwa macho yetu, na dozi ya baba isichukuliwe kuwa dozi ya mtu mwingine.

Ugonjwa ulianzia begani. Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 66, baba alianza kulalamika kwamba bega la kulia linakaza na kumuuma, hasa usiku. Tukasema ni uchovu wa cherehani. Alichuliwa kwa mafuta, akachomwa sindano za maumivu katika zahanati, akameza vidonge vya kutuliza maumivu mpaka tumbo likaanza kumsumbua. Hakuna aliyemwangalia anavyotembea. Lau tungemtazama kwa nyuma akielekea msikitini, tungeona kwamba mkono wa kushoto unapepea kama wa mtu yeyote anayetembea, ilhali wa kulia umebanwa ubavuni kana kwamba amebeba kitu kwapani. Daktari alitueleza baadaye kwamba bega linalokaza upande mmoja huwa miongoni mwa dalili za mwanzo, na kwamba wapo wagonjwa wengi wanaotibiwa bega kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kushuku ubongo.

Zilikuwapo dalili nyingine zilizotangulia hata bega, lakini kila moja tuliipa maelezo yake. Mama alikuwa amehama kitanda tangu mwaka 2014 kwa sababu baba alipiga kelele na kurusha mateke usingizini kana kwamba anapambana na mwizi. Choo kilikuwa kigumu kwa miaka. Pua yake ilikuwa imepoteza uwezo wa kunusa bila mwenyewe kutambua: mama alifukiza udi chumbani na yeye asiseme neno, na siku moja wali uliungua jikoni, hatua chache kutoka alipoketi, akaja kugutuka moshi ulipomfikia machoni. Daktari alipouliza juu ya pua, usingizi na choo, mimi nilidhani anapoteza muda wetu. Kumbe ugonjwa huu huweza kuanza sehemu hizo miaka mingi kabla ya mkono kutikisika, na familia inayoyafahamu mapema itamwezesha daktari kufika haraka kwenye jibu.

Ushahidi uliokuwa wazi kuliko wote ulikuwa ndani ya duka lake. Baba huandika vipimo vya wateja katika daftari moja kubwa, na nilipolipekua baada ya kuelezwa ugonjwa, niliona kurasa za mwaka 2015 zimeandikwa kwa herufi kubwa za kutosha kusomwa kwa mbali, za mwaka 2018 herufi zimekuwa ndogo kama punje za ulezi, na kila mstari unaanza kwa maandishi ya wastani kisha unasinyaa kadiri unavyoelekea ukingoni. Mtu mwenye mzazi anayemtilia shaka na aanze hapo. Atafute barua, saini au daftari la zamani, aliweke kando ya maandishi ya leo.

Mkono ulipoanza kutetemeka, hatukuogopa, na sababu ni shangazi. Dada yake baba ametetemeka mikono yote miwili tangu akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na bibi, mama yao, alikuwa hivyo hivyo. Shangazi akimimina kahawa, kikombe hugonga kisahani. Akipeleka kijiko mdomoni, mchuzi humwagika. Kichwa chake hutikisika kidogo kama cha mtu anayekataa jambo. Ameishi hivyo zaidi ya miaka ishirini, amelea watoto na wajukuu, anatembea bila shida. Basi tukasema ni ya ukoo, na kwamba kama shangazi ameishi nayo, baba naye ataishi nayo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote tuliyoyafanya, kwa kuwa tuliona neno moja, kutetemeka, tukadhani ni ugonjwa mmoja.

Tofauti ilikuwa mbele ya macho yetu kila walipoketi pamoja barazani. Shangazi akiiweka mikono mapajani, hutulia kabisa, na huanza kutikisika pale anapotaka kuitumia. Baba alikuwa kinyume chake. Kidole gumba na cha shahada vilisuguana bila kukoma alipokuwa amepumzika, mfano wa mtu anayesokota uzi au kuvuta tasbihi isiyoonekana, na alipoinua mkono kufanya kazi vilikoma. Kwa shangazi ni mikono yote miwili kwa pamoja. Kwa baba ulikuwa mmoja tu, na ulibaki mmoja kwa zaidi ya mwaka kabla ya mguu wa upande huo huo kufuata. Shangazi akiandika, herufi zake ni kubwa na zimekatikakatika. Za baba ni ndogo na zimebanana. Na zaidi ya yote, shangazi hakuwa amepungua kasi. Baba alikuwa akichukua dakika kumi kufunga vifungo vya shati.

Kuna jambo katika kipindi hicho ambalo linaniuma kulitaja. Uso wa baba ulipoteza uchangamfu, akawa anamtazama mtu bila kupepesa macho wala kutabasamu, na sauti yake ikashuka mpaka wateja wakalazimika kumwomba arudie. Watu wakasema amekuwa na kiburi. Mdogo wangu alifika mahali pa kusema kwamba baba anajitetemesha ili ahurumiwe, kwa hoja kwamba mkono unaotetemeka kweli hauwezi kutunga uzi kwenye sindano. Baba alisikia. Hakujibu, na sisi tukauchukua ukimya wake kuwa ni kukiri. Uso ule haukuwa na hasira wala huzuni kubwa. Misuli ya uso ilikuwa imekaza na kupungua mwendo kama misuli ya mkono. Mtu akikuambia mzee wenu amebadilika tabia na hatabasamu tena, msimtafutie kosa la adabu kabla hamjamtafutia daktari.

Mwaka 2019 baba alianza kuhisi kizunguzungu, na hapo nilifanya kosa langu mwenyewe. Nilikwenda duka la dawa nikanunua Stugeron, dawa ambayo watu wengi huimeza kwa kizunguzungu bila kuandikiwa, na nikamnunulia tena na tena kwa miezi mitano. Katika miezi hiyo baba alikakamaa kuliko wakati wowote. Sikujua kwamba dawa iliyomo ndani yake, sinarizini, ni miongoni mwa dawa zinazozuia dopamini, kemikali ya mwendo, ubongoni, na kwamba kwa mzee inaweza kuleta peke yake dalili zinazofanana na Parkinson, au kuzizidisha kwa mtu ambaye tayari anazo. Orodha ya dawa za namna hiyo si fupi. Zimo zinazotolewa kila siku kwa kutapika, kama vile Plasil na Stemetil, na zimo za magonjwa ya akili, kama vile haloperidoli na sindano za kila mwezi za flufenazini. Dawa nyingine hutetemesha kwa njia tofauti: salbutamoli ya wagonjwa wa pumu, na valproeti ya kifafa. Kwa hiyo kabla ya kuamini kwamba mgonjwa ana maradhi ya ubongo yanayoendelea, ni vema kukusanya kila kidonge, kila chupa na kila sindano aliyopata katika mwaka uliopita, na kwenda navyo kwa daktari ndani ya mfuko mmoja. Na asiache dawa ya akili au ya kifafa kwa uamuzi wake mwenyewe, amuulize aliyemwandikia. Baba alipoachishwa Stugeron alipata nafuu kidogo polepole, kwa miezi, lakini mtetemeko haukuondoka.

Baada ya hapo tulizunguka. Katika kituo kimoja tuliambiwa ni kiharusi kidogo, tukaandikiwa dawa za presha. Kwa shehe mmoja mcha Mungu baba alisomewa dua na kunywa kombe, na sijutii hilo, kwa sababu shehe huyo huyo ndiye aliyetuambia tusiache hospitali na ambaye hakutudai hata senti. Kwa mganga mwingine, nje ya mji, tuliacha shilingi 350,000 na mbuzi mmoja baada ya kuambiwa kwamba jini amekamata mkono. Kisha tukaambiwa tufanye skani ya kichwa. Tukachanga shilingi 220,000, skani ikafanyika, majibu yakaja kwamba ubongo hauna tatizo isipokuwa kusinyaa kunakolingana na umri. Tukashukuru, tukapika pilau, tukakaa miezi saba bila kumpeleka baba popote.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu nimeshakutana na familia tatu zilizofanya vivyo hivyo. Skani ya kawaida ya kichwa haionyeshi Parkinson. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoupima. Skani ina faida ya kuondoa mambo mengine, kama vile uvimbe, damu iliyovuja au maji yaliyojaa ubongoni, na vipimo vya damu vinasaidia kuangalia tezi ya shingo, kwa kuwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono, humpunguza mtu uzito na huupeleka moyo mbio. Ugonjwa wenyewe hutambuliwa na daktari anayejua anachokitafuta, kwa macho na mikono yake.

Daktari huyo tulimpata Dar es Salaam mwaka 2020, bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, baada ya safari ya basi iliyomchosha baba sana. Alimwamkia, akamwambia, "Mzee, weka mikono mapajani, uiachie kabisa, kisha nihesabie kuanzia mia moja ukirudi nyuma, ukitoa saba kila mara." Baba alipofika 86 mkono wake ulikuwa ukitetemeka kuliko nilivyowahi kuuona, kwa kuwa akili ikiwa imeshughulishwa mtetemeko huo hujitokeza wazi. Kisha akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada kwa haraka na kwa upana, na vidole vikaanza kwa upana, vikapungua, vikapungua, vikasita. Akachora mviringo unaojizungusha kama gamba la konokono, ukatoka mdogo na uliobanana. Akatembea, akageuka kwa hatua nyingi fupi badala ya mbili. Daktari akamkunja na kumnyosha kiwiko, akahisi mkono unakwenda kwa mikato mikato kama gurudumu lenye meno. Mambo hayo yote hayakuchukua nusu saa, na hakuna hata moja lililohitaji umeme.

Akatueleza chanzo kwa subira ambayo sitaisahau. Ndani kabisa ya ubongo, sehemu yake ya chini, kuna eneo dogo lenye chembe za rangi nyeusi ambazo hutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuanzisha mwendo na kuupa kasi na ukubwa unaostahili. Chembe hizo hufa polepole, na mpaka mkono uanze kutikisika, sehemu kubwa ya chembe hizo huwa imeshapotea. Kwa nini zinakufa kwa mtu fulani, mara nyingi haijulikani. Umri una nafasi yake, kwa baadhi ya watu urithi una nafasi yake, na kukaa muda mrefu na baadhi ya dawa za kuulia wadudu na magugu kumehusishwa nao. Daktari wa Kiingereza, James Parkinson, aliuandika mwaka 1817 akiuita kupooza kwa mtetemeko, na mtetemeko wa ugonjwa huu huwa wa polepole, mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Lakini daktari wetu alisisitiza jambo ambalo ningependa kila mtu alisikie: dalili ya lazima ya Parkinson ni upungufu wa kasi, na mtetemeko peke yake hautoshi. Wapo wagonjwa, karibu mmoja kati ya wanne, ambao hawatetemeki kabisa mwanzoni, nao mara nyingi huchelewa kutambuliwa.

Alitutajia pia yale ambayo angeyashuku kama mambo yangekuwa vingine. Mgonjwa anayeanza kuanguka ovyo ndani ya mwaka wa kwanza, au asiyeweza kuteremsha macho kuangalia chini, au anayezimia kila asimamapo na kushindwa kuzuia mkojo mapema, huenda ana ugonjwa mwingine wa jamii hiyo ambao huenda mbio zaidi na hausikii dawa vizuri. Mtetemeko unaokua kadiri kidole kinavyokaribia kitu kinachofuatwa hutoka katika sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu miondoko, na unaweza kuletwa na kiharusi, na pombe ya miaka mingi, au na ugonjwa unaokula utando wa mishipa ya fahamu. Na kijana aliye chini ya miaka arobaini anayetetemeka ni lazima apimwe ugonjwa wa Wilson, ambao hulundika madini ya shaba katika ini na ubongo, kwa sababu ukigunduliwa mapema unatibika.

Nilipouliza kwa nini hakuna aliyetuambia kwa miaka miwili, alinijibu kwa mfano wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000, wakapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa na mtu yeyote. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Niliposikia hivyo nilipunguza lawama zangu, ingawa hazikuisha.

Baba alikaa kimya mpaka tulipofika kituo cha basi. Kisha akasema, "Mwanangu, hii si ndiyo ile ya Muhammad Ali?" Alikuwa kijana wakati bondia Ali alipopigana na Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, na pambano lile huwa analisimulia kama alikuwapo. Alikumbuka pia kumwona kwenye televisheni mwaka 1996, akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta huku mkono wake ukitikisika mbele ya dunia nzima. Kuanzia siku hiyo, aliyemuuliza barazani kuhusu mkono alijibiwa hivyo bila kuficha, na maneno ya jini yalikoma mtaani kwetu kwa namna ambayo maelezo yangu yasingeweza.

Kuhusu dawa, nitaanza na ile iliyotuponza. Kabla ya Dar es Salaam, kliniki moja ilikuwa imempa baba Artane, dawa ya kupunguza mtetemeko, kwa sababu ilikuwa rahisi na ilipatikana. Mtetemeko ulipungua, lakini ndani ya wiki tatu baba akaanza kusahau majina ya wajukuu, mdomo ukamkauka, mkojo ukamkwama, na usiku mmoja akatuamsha kutuonyesha watu waliosimama uani ambao hawakuwapo. Tulidhani sasa na akili imeondoka. Bingwa alituambia kwamba dawa hiyo mara nyingi huwavuruga wazee, akaipunguza taratibu mpaka ikaisha, na baba yetu akarudi.

Dawa iliyomsaidia ni levodopa iliyochanganywa na kabidopa. Levodopa hugeuka kuwa dopamini ikifika ubongoni, na kabidopa huizuia isigeuke njiani na kumsababishia mtu kichefuchefu. Haiponyi wala haizuii chembe kufa. Humrudishia mtu uwezo kwa saa kadhaa. Baba alianza kwa nusu kidonge, akapandishwa polepole mpaka kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Wiki ya tatu alifunga vifungo vyake mwenyewe. Kisha, kwa mshangao wetu, ikaonekana siku nyingine haifanyi kazi kabisa. Ilituchukua muda kutambua kwamba siku hizo ni zile alizomeza pamoja na maharage, samaki au chai ya maziwa. Protini ya chakula hushindana na levodopa kupita kutoka utumbo hadi damu, na kutoka damu hadi ubongo. Tangu hapo anameza kwa maji matupu nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, na katika wiki za mwanzo, kichefuchefu kilipomzidi, tulimpa kipande cha mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha. Chakula chenye protini nyingi tunakiweka jioni, kazi za siku zikiwa zimekwisha.

Ramadhani ya kwanza baba alikataa katakata kuacha kufunga. Akawa anameza daku na futari tu. Ilipofika saa tisa alasiri hakuweza kujigeuza kwenye mkeka, na siku ya sita alianguka msalani akapasuka kipaji. Shehe ndiye aliyemaliza mjadala kwa kumkumbusha kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona ameruhusiwa, na tukatoa fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Ningeshauri mazungumzo hayo yafanyike mwezi wa Shaabani, mgonjwa, daktari na kiongozi wake wa dini wote wakiwa wamehusishwa, badala ya kusubiri damu sakafuni. Kukatisha dawa hii ghafla ni hatari hata nje ya kufunga. Mwili unaweza kukakamaa na kupata homa kali inayotishia uhai. Kwa sababu hiyo hatuachi akiba ishuke chini ya wiki mbili, maana duka linaweza kuishiwa.

Mwaka 2022 baba alilazwa kwa malaria, akatapika, na muuguzi wa zamu, kwa nia njema, akamchoma Plasil. Kufikia asubuhi alikuwa kama gogo. Sasa ana kadi ndani ya mfuko wa kanzu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ana Parkinson, dawa zake ni zipi na saa ngapi, na kwamba asipewe Plasil, Stemetil wala haloperidoli. Akitapika, daktari afikirie domperidoni baada ya kuangalia hali ya moyo. Kadi hiyo ilitugharimu shilingi 2,000 kuichapa na kuiwekea plastiki.

Jamaa mmoja kutoka shamba alituletea mbegu za upupu, akasema zinatibu. Nilitaka kuzitupa. Daktari akanishangaza kwa kusema kwamba mbegu za upupu zina levodopa ya kweli, na kwamba zimefanyiwa utafiti kwa sababu ya bei ya vidonge katika nchi maskini. Lakini akaeleza kwamba kiasi chake hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, hazina kabidopa, na mtu akizila juu ya vidonge huenda akazidisha dozi bila kujua. Hatukuzitumia. Ninalitaja kwa sababu najua wapo wanaozitumia kimyakimya, na wanapaswa kumweleza daktari wao.

Fedha ni mzigo usioisha. Baba hakuwa na bima, kwa kuwa fundi wa mtaani hana mwajiri. Kidonge kimoja kilitugharimu zaidi ya shilingi 1,000, kwa hiyo dawa za mwezi zilikaribia shilingi 100,000 kabla ya nauli na ada ya kumwona bingwa. Watoto wanne tulikubaliana kila mmoja achange kiasi kilichowekwa tarehe 1 ya kila mwezi, mama akitunza daftari la michango, na utaratibu huo umetuokoa na ugomvi kuliko mapenzi matupu.

Nyumbani mambo madogo yamesaidia kuliko nilivyotarajia. Miguu ya baba hugandia mlangoni kana kwamba imegundishwa na sakafu. Mama alibandika vipande vya kitambaa chekundu kuvuka kizingiti, na baba akivilenga kama vitu vya kuruka, mguu huinuka. Hakuna anayeeleza vizuri jambo hili bila kulionyesha, lakini linafanya kazi. Akiamka alfajiri huketi ukingoni mwa kitanda dakika chache kabla ya kusimama, kwa kuwa presha yake hushuka ghafla. Huswali kwenye kiti. Kila siku husoma ukurasa mmoja wa gazeti kwa sauti ya juu kadiri awezavyo, na majirani wameshazoea.

Shangazi naye hatimaye alipimwa. Wake ni mtetemeko wa kurithi, ambao kwa wengi hutulizwa na propranololi, ila yeye ana pumu na dawa hiyo inaweza kumbana kifua, kwa hiyo ameandikiwa primidoni kwa dozi ndogo. Iligundulika pia kwamba mtetemeko wake uliongezeka kila alipovuta dawa ya pumu, jambo ambalo alikuwa amelisema kwa miaka bila kusikilizwa.

Baba sasa hushona asubuhi, kuanzia saa moja baada ya kidonge cha kwanza. Kofia moja humchukua miezi mitatu. Tangu mwanzo wa mwaka huu dawa inaisha nguvu kabla ya muda wa saa nne kutimia tangu aimeze, na katikati ya muda huo mwili wake hujinyonganyonga bila hiari, kichwa na mabega yakizunguka, jambo ambalo si ugonjwa kuongezeka bali ni athari ya dawa yenyewe baada ya miaka. Tumeandika kwa wiki mbili, katika lile daftari lake la vipimo, saa anayomeza, saa anayoanza kutembea vizuri, saa anayokwama na saa anayojinyonga. Mwezi ujao tunampelekea daktari kurasa hizo ili aone kama dozi igawanywe iwe ndogo na ya mara kwa mara, na kaka yangu ameshakubali kuongeza mchango wake iwapo vidonge vitaongezeka.